Uhaba wa viungo vya kupandikiza: watu hawajitolei au hospitali ndo hazijajipanga?

MdadisiMkuu

Wakuu habari zenu. Kuna mada imenikaa kichwani nikaona niilete huku maana najua kuna watu wa afya, watu wa hesabu na wabishi wa kudumu.

Tulikuwa tunabishana na washkaji kuhusu hii ishu ya watu kufa wakisubiri figo, ini, moyo. Dunia nzima kwa mwaka vinapandikizwa viungo 170,000 na kitu, halafu wanasema hiyo ni kama asilimia 10 tu ya mahitaji. Marekani peke yake foleni ina watu zaidi ya 100,000 na wengi wao wanasubiri figo. Sasa mmoja wetu akasema dawa ni sheria tu, kila mtu ahesabiwe amekubali kutoa viungo akifa mpaka aandike mwenyewe kwamba hataki, kwisha habari. Mwingine akasema bila hela hakuna atakayetoa kitu, watu walipwe. Wa tatu yeye anaamini kampeni, wasanii waongee, watu wajaze fomu.

Nikawauliza, haya, Hispania mwaka baada ya mwaka wako juu kabisa duniani, je wenzetu wana roho nzuri kuliko binadamu wengine? Hakuna aliyejibu, wakaanza kuongea mpira.

Naombeni anayejua anieleze kwa lugha ya kawaida, hao watu wanafanya nini hasa? Na ni kweli mtu anaweza kujiandikisha vizuri kabisa, akafa, na bado viungo vyake visitumike?

---

NesiWaZamu

Mkuu swali lako la mwisho ndo lenye jibu la yote, ntaeleza kwa urefu kidogo mnivumilie, kazi yangu ni ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) kwahiyo haya mambo nayaona.

Kwanza tuondoe hii picha kwamba kila anayekufa anaweza kutoa viungo. Konea za macho (kile kioo cha mbele ya jicho), ngozi, mifupa, sawa, vinaweza kusubiri kidogo. Ila moyo, mapafu, ini na figo vinataka damu yenye oksijeni iendelee kuzunguka mpaka dakika za mwisho kabisa. Mtu akifia nyumbani au barabarani mara nyingi ndo basi tena. Anayebaki ni yule aliyeumia kichwa vibaya au aliyevuja damu kwenye ubongo, yuko kwenye mashine ya kupumulia, ubongo umekufa wote ila moyo unaendelea kudunda kwasababu mashine inamwingizia hewa. Uingereza wanahesabu kwamba katika watu 100 wanaokufa, ni kama mmoja tu anakufa katika mazingira yanayoruhusu kuchangia. MMOJA. Sasa hata ukiandikisha nchi nzima, kama huyo mmoja anapita mbele ya macho yenu bila mtu kushtuka hamjafanya kitu.

Na wanapita, tena kirahisi sana. Zamu imejaa, kuna mgonjwa mwingine anayeweza kupona anahitaji kile kitanda, daktari wa zamu anaona huyu wa kitanda cha pembeni hana matumaini, vipimo vya kuthibitisha kifo cha ubongo havifanyiki kwasababu hakuna aliyeagizwa avifanye, mashine inazimwa, mwili unaenda mochwari. Hakuna aliyekataa hapo. Hakuna hata aliyeulizwa.

Halafu hata akitambuliwa kazi ndo inaanza. Ubongo ukishakufa mwili unapoteza usukani, presha inaporomoka, mkojo unatoka lita kwa lita kwasababu homoni ya kuuzuia imekata, joto la mwili linashuka. Usipokaa hapo ukampa maji, dawa za presha, homoni, ukamfunika, figo na moyo vinaharibika ndani ya masaa. Yaani unamhudumia aliyekufa kwa bidii kuliko walio hai, na kama meneja wako hajakupangia mtu wa ziada unajikuta unachagua nani umwache. Bajeti ya kazi hiyo isipokuwepo, kazi haifanyiki, hakuna muujiza.

Sasa Hispania. Sheria yao ya kuhesabu kila mtu amekubali ni ya 1979. Miaka kumi ilipita na wachangiaji wakawa kama 14 tu kwa kila watu milioni moja. Mwaka 1989 wakaanzisha shirika la taifa la upandikizaji, linaitwa ONT, chini ya daktari Rafael Matesanz, sheria ikabaki ileile. Mwishoni mwa miaka ya 90 wakawa wamevuka 30, na 2019 wakafika karibu 49. Hapo sheria haikubadilika, kilichobadilika ni nani anafanya nini hospitalini.

Walichofanya: kila hospitali inayohusika ina mratibu wa uchangiaji, na mara nyingi ni daktari wa ICU hukohuko, anafanya kazi hii kwa sehemu ya muda wake na analipwa kwa hiyo kazi. Anaripoti kwa uongozi wa hospitali yake, hayuko chini ya timu ya wapandikizaji. Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, maana mpasuaji wa figo anakaa jengo lingine, anaweza kuwa hata mji mwingine, hawezi kujua nani kaingia ICU usiku. Juu ya mratibu kuna ngazi ya mkoa, juu yake ofisi ya taifa. Hospitali inarudishiwa gharama zake. Na vifo vya ICU vinapitiwa faili kwa faili, kwanza na watu wa ndani halafu na watu wa kutoka hospitali nyingine, wanauliza huyu je? alikuwa anaweza kuchangia? kwanini haikutokea? Mtu akijua faili lake litasomwa na mgeni anakuwa makini, ndivyo tulivyo.

---

Kichwa_Ngumu

Dada NesiWaZamu nakuheshimu ila hapo ndo umenitisha zaidi. Daktari wa ICU huyohuyo anayetakiwa aniokoe ndo analipwa kutafuta wachangiaji? Si ni fisi kukabidhiwa bucha hiyo. Mie nikiingia na kichwa kimepasuka atanipigania kweli au ataanza kupima figo zangu kwa macho?

---

NesiWaZamu

@Kichwa_Ngumu hofu yako si ya kijinga na kila nchi iliyoichukulia poa imelipia. Ndo maana kutangaza kifo kunatenganishwa na kupandikiza. Hispania kifo cha ubongo kinasainiwa na madaktari watatu, na hakuna hata mmoja kati yao anayeruhusiwa kuwa kwenye timu ya kutoa au kupandikiza hivyo viungo. Nchi nyingine ni wawili, ila hilo sharti la kutokuwa kwenye timu liko karibu kila mahali.

Na vipimo vyenyewe sio kumwangalia mtu ukasema naona kafa huyu. Kwanza unahakikisha hana dawa za usingizi mwilini na hajapoa sana maana hivyo vinaweza kudanganya. Unamulika mboni, hazisinyai. Unagusa konea kwa pamba, kope halichezi. Unaingiza mrija mpaka chini kwenye koo la hewa, hakohoi. Mwisho unamtoa kwenye mashine huku oksijeni inaendelea kuingia kwa mrija, unasimama unatazama kifua kwa dakika kadhaa, hewa chafu inapanda kwenye damu mpaka kiwango ambacho ubongo wenye uhai hata kidogo ungelazimisha kuvuta pumzi. Kifua kisipocheza unachukua damu kuthibitisha kiwango kimefika kweli. Ni dakika ndefu sana zile hata kwa aliyezoea.

Pia mpaka hapo hakuna aliyetaja figo. Anayekutibu anakutibu mpaka mwisho, na kiukweli akifanya uzembe viungo navyo vinakufa, presha ikiachwa ishuke hakuna cha kuchangia.

---

HesabuTupu

Naomba niongezee kwenye hilo la uaminifu maana watu wa sheria huwa wanaliruka. Brazili 1997 walipitisha sheria kwamba kila mtu mzima ni mchangiaji mpaka aandikishe kwenye kitambulisho kwamba sio. Watu wakakimbilia kuandika "sio". Madaktari wenyewe wakawa hawataki kuchukua viungo bila familia kuridhia, na mwaka uliofuata 1998 sheria ikafutwa. Ujerumani nako 2012 ikagundulika kuna madaktari walikuwa wanachezea data za wagonjwa wao waonekane mahututi zaidi ili wapande kwenye orodha ya ini, wachangiaji wakapungua nchi nzima, hata hospitali ambazo hazikuhusika.

Kwahiyo orodha ya kusubiri lazima ishikwe na chombo ambacho hakina mgonjwa wake kwenye hiyo orodha, vigezo viandikwe wazi, kundi la damu, ukubwa wa mwili, ukali wa ugonjwa, muda wa kusubiri, umbali, na kompyuta ipange. Mtu akihisi tu kwamba tajiri anaruka foleni, hakuna tangazo la msanii litakalomrudisha.

---

MdadisiMkuu

Aisee nashukuru sana. Sasa niulize tena, hiyo sheria ya kuhesabiwa umekubali haina maana kabisa? Maana Uingereza nao si waliipitisha juzijuzi.

---

HesabuTupu

Ina maana yake kidogo ila sio injini. Wales waliianza Desemba 2015, England Mei 2020, Scotland Machi 2021. Kote huko familia bado inaulizwa, na hakuna daktari atakayebeba mwili wa mtu mbele ya mama yake analia anakataa eti sheria inaniruhusu. Hispania hivyohivyo, wanauliza kila mara.

Upande wa pili tazama Marekani. Hawana hiyo sheria, ni mtu kujiandikisha mwenyewe, na bado miaka ya karibuni wako bega kwa bega na Hispania kwa idadi ya wachangiaji kwa kila milioni. (Sehemu ya hiyo ni habari mbaya, vijana wengi wanaokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, tusijifanye hatujui.) Wao 1986 waliweka sheria kwamba hospitali lazima ziulize familia. Haikusaidia sana, kumlazimisha daktari aliyechoka aulize swali ambalo hakufundishwa kuuliza unapata swali bovu na jibu bovu. 1998 ndo wakabadilisha, hospitali ikawa na wajibu wa kuripoti kila kifo au kifo kinachokaribia kwa shirika la uchangiaji la eneo hilo, halafu mtu aliyefundishwa ndo anakuja. Yaani wajibu ukahama kutoka kuuliza kwenda kutoa taarifa, na taarifa ni simu tu, hata aliyechoka anaweza kupiga.

Na Uingereza kabla ya hiyo sheria walishapanda vizuri tu. Mwaka 2008 kikosi kazi chao kilisema wachangiaji waongezeke kwa asilimia 50 ndani ya miaka mitano, na 2013 wakafika. Waliweka manesi bingwa wa uchangiaji ndani ya hospitali na kwa kila hospitali daktari mmoja wa kuongoza hiyo kazi. Mambo ya kiofisi tu hayo, hayana mvuto wa kuandikwa gazetini.

---

BintiMdogo

Mie nitasema kilichotukuta sisi. Marehemu kaka yetu alikuwa anasema wazi akifa wachukue chochote kinachofaa, alikuwa anaongea hayo hata mezani mama anamkataza. Alipopata ajali alikaa kwenye mashine, hospitali siitaji. Siku tuliyoambiwa amefariki tuliambiwa na daktari mmoja amesimama kwenye korido, simu yake inaita, akasema poleni sana, akaondoka. Ni shemeji ndo aliyekumbuka yale maneno ya kaka, akamfuata nesi kumuuliza, nesi naye hajui amuulize nani, wakapigiana simu wee, mpaka anapatikana wa kujibu mashine ilishazimwa zamani. Wakatuambia labda konea.

Hatukukataa sisi. Ndo maana nikiona matangazo yanasema familia zinakataa huwa nanyamaza tu.

---

NesiWaZamu

Pole sana mdogo wangu. Na hii ndo ninayosema haimo kwenye takwimu za "waliokataa".

Nieleze inavyotakiwa iwe, wengine wajue wakikutana nayo. Habari ya kifo na ombi la viungo ni mazungumzo mawili, na hayafanywi kwa pumzi moja. Familia inakaa kwenye chumba chenye mlango na viti, simu zimezimwa. Daktari aliyekuwa anamtibu anasema amefariki, anasema "amefariki", sio "hali sio nzuri" wala "mashine ndo inamshikilia", maana ukisema mashine inamshikilia umewaambia yuko hai. Halafu unanyamaza. Watu wanalia, wanauliza mbona kifua kinapanda na kushuka, unaeleza tena, mara ya pili, mara ya nne. Wengine ukiwaruhusu wakaangalia kile kipimo cha pumzi kwa macho yao ndo wanaelewa.

Baadaye, wakishaanza kuuliza wenyewe sasa tunafanyaje, mwili tunauchukua lini, hapo ndo mratibu anaingia. Naye haanzi na "tunaomba figo". Anaanza na niambieni alikuwa mtu wa namna gani. Kuna familia inasema hapana na hapana yao inapokelewa bila kununa. Uingereza inaonekana wazi kabisa kwamba nesi bingwa akiwepo kwenye mazungumzo familia zinazokubali ni nyingi zaidi kuliko daktari akiuliza peke yake. Hispania kwa miaka mingi zinazokataa zimekuwa kama 15 katika 100. Sio kwamba wana maneno matamu, wamefundishwa, kuna kozi kabisa, watu wanaigiza familia iliyokasirika na wewe unakaa pale unajifunza kunyamaza.

---

Kichwa_Ngumu

Pole BintiMdogo. Mie na mdomo wangu wote hiyo imenigusa.

Ila bado sijajibiwa la hela. Si wangelipa tu watu hai watoe figo moja? Figo ziko mbili.

---

MamaWaFaili

Kaka la hela limejaribiwa. Iran tangu 1988 wana mfumo rasmi wa kumlipa anayetoa figo, na foleni ya figo waliipunguza kweli, ila anayeuza ni nani? Ni mwenye madeni. Kwingine karibu kote ni marufuku, Marekani tangu 1984, na 2008 kuna Azimio la Istanbul ambalo wataalamu wa dunia walikubaliana kupinga biashara ya viungo na safari za kwenda kununua figo kwa maskini wa nchi nyingine. Mimi nafanya kazi ya kumbukumbu za hospitali, nimeona faili za waliorudi na figo za kununua, hakuna karatasi, hujui mchangiaji alipimwa nini, mgonjwa anarudi na maambukizi wewe ndo uanze kubahatisha.

Lakini kuna kitu watu wanachanganya. Kumrudishia mtu gharama zake sio kumnunua. Anayetoa figo kwa ndugu yake anakaa nje ya kazi wiki kadhaa, nauli, vipimo, mlezi wa watoto. Kama sheria inakataza hata kumfidia mshahara aliokosa basi mmeamua kwamba wenye hali nzuri tu ndo waweze kuwaokoa ndugu zao. Hilo likirekebishwa wapo wengi wanaotaka.

Israeli nao walikuja na yao, sheria ya 2008, ukiwa umejiandikisha kuchangia unapata pointi za ziada siku wewe mwenyewe ukihitaji kiungo. Wengine hawaipendi, mimi naona ni haki tu.

---

HesabuTupu

Hapo kwa wachangiaji walio hai ndo kwenye utamu wangu sasa, tulieni.

Chukua mume ana damu kundi A, mke anahitaji figo na ana kundi B. Mume yuko tayari ila figo yake mwili wa mke utaikataa palepale. Zamani walikuwa wanarudishwa nyumbani, mke arudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Sasa mahali pengine kuna dada wa kundi B anataka kumpa kaka yake wa kundi A, nao wamekwama. Ukiwaweka mezani pamoja: figo ya mume inaenda kwa yule kaka, figo ya yule dada inaenda kwa mke. Wagonjwa wawili wametoka kwenye foleni na hakuna kiungo kipya kilichotafutwa, vilikuwepo siku zote ila hakuna aliyeshika orodha zote mbili.

Korea Kusini walifanya ya kwanza 1991. Mchumi Alvin Roth na wenzake wakaandika hesabu ya kupanga hizi jozi kwa wingi, na 2004 ukaanzishwa mpango wa kubadilishana figo wa New England. 2012 Roth akapata Nobel ya uchumi pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi ya kuoanisha watu na vitu mahali ambapo bei hairuhusiwi kufanya hiyo kazi.

Uratibu wake sasa. Upasuaji wa jozi mbili ni vyumba vinne vya upasuaji kwa wakati mmoja, kwasababu mkianza na jozi moja asubuhi, mchana yule ambaye mke wake keshapata figo anaweza kusema nimeghairi, na huwezi kumfunga wala kumshtaki. Jozi tatu ni vyumba sita. Ila akitokea mtu anayetoa figo bila kumlenga mtu, kwa hiari yake tu, unaanzisha mnyororo: yeye anampa mgonjwa wa jozi ya kwanza, mchangiaji wa jozi hiyo anampa wa jozi ya pili, inaendelea. Hapo sio lazima siku moja, maana mtu akighairi katikati inauma ila hakuna aliyetoa figo akabaki mikono mitupu.

Alafu kuna kaugonjwa ambako naona kanafundisha kuliko yote. Hospitali zikawa zinaoanisha zenyewe jozi rahisi kwa ndani halafu zinapeleka kwenye mpango wa taifa zile ngumu tu, wagonjwa wenye kingamwili nyingi ambao mwili unakataa karibu kila figo. Kila hospitali ilikuwa inajitetea vizuri tu, ila orodha ya taifa ikajaa wagumu watupu, na wagumu hawaendani wao kwa wao. Ndo ujue mpango kama huu hauendi kwa kuombana, hospitali lazima ione faida ya kupeleka jozi zake zote.

---

MdadisiMkuu

Hii ya mwisho sikuwahi kuifikiria kabisa. Kumbe hata figo iliyopo inapotea kwa ajili ya makaratasi.

---

MamaWaFaili

Makaratasi tu? Marekani figo zinazotolewa kwa marehemu, takriban robo miaka ya karibuni zinaishia kutupwa. Zimeshatolewa kabisa, familia imeshakubali. Figo ikitangazwa inapigiwa simu hospitali ya kwanza, wanakataa, ya pili, wanakataa, na figo iko kwenye barafu masaa yanakwenda. Figo inaweza kuvumilia mpaka masaa 24 hadi 36 hivi, moyo na mapafu ni 4 mpaka 6 tu. Na kwanini wanakataa? Hospitali zimekuwa zikipimwa kwa asilimia ya wagonjwa waliopona mwaka wa kwanza baada ya kupandikizwa, kwahiyo figo ya mzee wa miaka 65 mwenye presha inaonekana ni hatari kwa sifa ya hospitali hata kama kwa mgonjwa ni bora mara nyingi kuliko kubaki kwenye mashine ya kusafisha damu. Ufaransa wanachukua figo za wazee zaidi na wanatupa chache kuliko wao. Ukipima kitu kibaya unapata tabia mbaya.

Mashine za kusukuma damu au maji maalum kwenye kiungo kikiwa nje ya mwili zimeanza kusaidia, ini linakaa kwenye mashine linafanya kazi wanalitazama kwanza kabla ya kuamua. Na zimefungua pia mlango kwa wale ambao moyo umesimama baada ya familia kukubali matibabu yasitishwe, zamani wengi wao walikuwa hawahesabiwi kabisa.

---

MdadisiMkuu

Swali la mwisho wakuu nisiwachoshe. Nchi ambayo ndo inaanza, haina hela za Hispania, ianzie wapi? Au hii ni ya matajiri tu.

---

NesiWaZamu

Soma kuhusu Kroatia. Nchi ndogo, watu kama milioni nne, mwaka 2000 walikuwa na wachangiaji chini ya 3 kwa kila milioni. Wakaweka mratibu wa taifa, wakaweka mratibu kila hospitali yenye ICU, wakapanga namna ya kuzilipa hospitali kwa hiyo kazi, 2007 wakajiunga na Eurotransplant ambayo ni umoja wa nchi kadhaa zinazobadilishana viungo, muhimu sana kwa nchi ndogo maana moyo unaweza kupatikana leo na asiwepo mgonjwa wa saizi hiyo nchini. Kufika 2011 walikuwa 35 kwa kila milioni.

Mimi ningeanza na daftari. Hospitali kubwa chache, kila moja mtu mmoja mwenye jina na simu, anaandika kila aliyekufa ICU akiwa kwenye mashine: ubongo ulipimwa? familia iliulizwa? nani aliuliza? Mwaka mmoja tu wa hilo daftari unakuonyesha mnavuja wapi, na mara nyingi ni kabla hata hujafika kwenye familia. Hiyo haitaki mashine ya mabilioni. Inataka sheria ya kifo cha ubongo iliyo wazi, na mtu wa kupigiwa simu usiku ambaye atapokea.

---

Kichwa_Ngumu

Haya mmenishinda leo. Sasa mzee kama mimi nimeshavuka 60, presha kidogo, hizi spea zangu nani atazitaka?

---

NesiWaZamu

Mzee wangu, Hispania zaidi ya nusu ya wachangiaji wao wamevuka 60, na maini ya watu wa 80 yanapandikizwa. Wewe usizeeke kwa hofu, waambie watoto tu, kazi ya kuchagua kinachofaa tuachie sisi.